Kompyuta ya Sinema na Projekta ya CRT: Chagua Masafa Kabla ya Kununua Kadi

Swali la msomaji: Nimepata projekta ya zamani ya CRT, ile yenye lenzi tatu, tyubu zake ni za inchi 8. Nataka niiunganishe na kompyuta niwe na sinema yangu nyumbani. Kompyuta ni mpya, ina HDMI na DisplayPort tu, kwa hiyo nimeweka adapta ya HDMI kwenda VGA na kebo yenye vichwa vitano vya BNC. Nikiweka 1080p ya hezi 60 picha inatoka, ila ukingo wa kushoto umejikunja, herufi zina ukungu, na kamera ikigeuka taratibu kwenye sinema picha inashtukashtuka. Je, nitafute kadi ya picha ya zamani yenye VGA? Au ni tyubu zimechoka?

Jibu: Ndugu msomaji, kadi usinunue kwanza, na tyubu usizihukumu bado. Dalili zote tatu zinaelekea kutoka mahali pamoja. Umeipa projekta mpangilio wa ishara uliotungwa kwa ajili ya mashine za namna nyingine kabisa, nayo inajitahidi kuufuata. Badilisha mpangilio huo, na sehemu kubwa ya tatizo itaondoka bila kutumia hata senti.

Projekta ya CRT haina pikseli. Ndani yake kuna tyubu tatu, nyekundu, kijani na buluu, na katika kila moja mwali wa elektroni unachora mstari mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika mwisho unazimwa, unarudi kushoto, unaanza mwingine. Kompyuta ndiyo inayoamuru mistari iwe mingapi, ichorwe kwa kasi gani, na mwali upewe muda gani wa kurudi. Skrini bapa huipokea ishara, ikaipanga upya kwa elektroniki zake, kisha ikaionyesha kwa pikseli ilizozaliwa nazo. Projekta yako haina hifadhi ya namna hiyo. Koili zilizovaa shingo ya tyubu zinausukuma mwali papo hapo, na koili haiwezi kugeuza mwelekeo ghafla kama unavyotaka.

Ukingo uliojikunja ndio ushahidi mkubwa. 1080p ya kawaida ya hezi 60 ina mistari 1125 ukihesabu na ile isiyoonekana, kwa hiyo masafa ya mlalo, yaani idadi ya mistari kwa sekunde, ni kilohezi 67.5 na kila mstari una mikrosekunde 14.8. Katika mstari huo kuna pikseli 2200: 1920 za picha na 280 za giza. Hizo 280 ndizo nafasi ya mwali kurudi kushoto, na ukizigeuza kuwa muda unapata mikrosekunde 1.9 hivi. Kwa projekta nyingi za inchi 7 na 8 muda huo hautoshi. Nyingi zinatulia kuanzia mikrosekunde 3 na kuendelea. Mwali ukiwa bado njiani, kompyuta imeshaanza kutuma picha ya mstari unaofuata. Kipande cha mwanzo kinachorwa kinyumenyume, halafu mwali unageuka na kuchora juu yake. Ndio mkunjo unaouona kushoto.

Kitabu cha mashine kikisema inapokea masafa makubwa kuliko 67.5, hakijadanganya. Kushika masafa ni jambo moja, kupata muda wa kurudi ni jambo jingine. Tafuta humo ukurasa wa vipimo, uangalie muda mfupi kabisa wa giza la mlalo unaoruhusiwa. Vitabu vizuri vinautaja kwa mikrosekunde, na kwa mtu mwenye kompyuta namba hiyo ina thamani kuliko sifa zote zilizochapishwa kwenye jalada.

Hapo hapo nikutahadharishe: ukifungua paneli ya draiva ya kadi ya picha na kutengeneza mpangilio wako, utakuta aina inayoitwa CVT-RB. Hiyo iliundwa kwa ajili ya skrini bapa, ambazo hazina mwali wa kurudisha, kwa hiyo giza limebanwa hadi pikseli 160 tu. Kwa 1920 kwa 1080 ya hezi 60 hiyo ni kama mikrosekunde 1.2. Draiva nyingi huichagua zenyewe zikidhani zinakusaidia. Usiiguse.

Sasa kuhusu kushtuka. Sinema nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, au kwa usahihi 23.976. Ukizionyesha kwa hezi 60, hesabu haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo fremu moja inachorwa mara mbili na inayofuata mara tatu. Moja inakaa sehemu ya 30 ya sekunde, nyingine sehemu ya 20. Macho hayaoni tofauti hiyo watu wakiwa wameketi wanaongea, lakini kamera ikipita polepole juu ya majengo utaiona tu, na ukishaizoea kuiona huwezi tena kuacha kuiona.

Dawa ni masafa ya wima, yaani idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde, yanayogawanyika kwa 24. Hezi 48 zinagawanyika vizuri, na mpangilio wake ni mwepesi kwa projekta, lakini fosfa, ule unga wa ndani ya uso wa tyubu unaowaka ukipigwa na mwali, inang'aa na kufifia haraka, na kwa mara 48 kwa sekunde picha yenye mwanga mwingi inapepesa. Wapo wanaovumilia. Mimi siwezi kukaa mbele yake sinema nzima, na sikushauri ujaribu kuzoea. Hezi 72 ndiyo inayopendwa kwa projekta hizi: kila fremu inachorwa mara tatu sawasawa, na kupepesa kunaisha. Ukitaka usahihi kamili weka 71.928, yaani 23.976 mara tatu. Ukiweka 72 kamili, takriban kila sekunde 14 fremu moja itachorwa mara ya nne. Hilo halistahili kukukosesha usingizi, ila kwa kuwa unaandika namba mwenyewe, andika iliyo sahihi.

Hapa ndipo swali la 1080p linapojijibu. Mistari 1125 mara 72 ni kilohezi 81. Hata ukipanua giza, mwali utakuwa unakimbia mno, na pikseli zitahitaji kutumwa kwa karibu megahezi 194, kasi ambayo adapta nyingi za HDMI zilizojengwa kwa ukomo wa megahezi 165 haziifikii. Inawezekana kwenye projekta kubwa za inchi 9 kama Sony G90, Barco Cine 9 au Marquee 9500, zikiwa na vifaa vinavyostahili. Kwa inchi 8 unatafuta shida.

Tena faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwali una unene. Nukta yake kwenye fosfa haiwezi kuwa ndogo kuliko fokasi inavyoruhusu, na kalamu ya wino mnene haiandiki herufi za sindano. Ukiongeza mistari kupita kiasi, kila mmoja unapanda juu ya jirani yake, na picha inapoteza ukali badala ya kuupata. Ukiwa na mistari michache mno, unaona nafasi nyeusi kati yake. Katikati kuna idadi ambayo mistari inagusana kwa shida, na hapo picha ya CRT inakuwa na ule ulaini na uhai unaotufanya tuendelee kubeba machuma haya. Kwa inchi 7 idadi hiyo iko karibu na 720. Kwa inchi 8 yenye fokasi ya sumaku, 720 ni salama na unaweza kusogea hadi karibu 900. Mistari 1080 ni chakula cha inchi 9.

Habari hii ina historia. Kompyuta haikuingia kwenye vyumba vya sinema kwa ajili ya faili za intaneti. DVD zilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye projekta hizi walikuwa na picha ya mistari 480 inayochorwa nusu kwa nusu kwa zamu, wakaiona mistari yenyewe waziwazi kwenye skrini kubwa. Kulikuwa na mashine za kuongeza mistari mara mbili au mara nne, Faroudja likiwa jina kubwa, na bei zake ziliwafaa matajiri. Watu wakagundua kwamba kompyuta ya kawaida yenye kiendeshi cha DVD na kadi nzuri ya picha inaweza kuikuza picha hadi idadi yoyote ya mistari na kwa masafa yoyote unayoandika. Uwezo huo bado upo, wewe tu umeuacha bila kuutumia kwa kukubali 1080p iliyokuja yenyewe.

Kwa hiyo anza na mpangilio huu. Upana wa picha pikseli 1280, kisha nafasi ya mbele 64, msukumo wa usawazishaji 128, nafasi ya nyuma 192, jumla 1664. Kwa wima picha mistari 720, mbele 3, msukumo 5, nyuma 22, jumla 750. Kasi ya pikseli megahezi 89.77. Hesabu inakupa hezi 71.93 na kilohezi 53.9 za mlalo, na giza la mlalo ni mikrosekunde 4.3, zaidi ya maradufu ya ulilonalo sasa. Misukumo yote miwili iwe chanya. Kwenye Windows utaiandika katika programu ya CRU, au katika sehemu ya mipangilio maalumu ya paneli ya draiva. Kwenye Linux yenye X11, amri ya xrandr inapokea mstari mmoja:

89.77 1280 1344 1472 1664 720 723 728 750 +hsync +vsync

Ukiona projekta imetulia na mkunjo umeondoka, na bado unaona nafasi kati ya mistari ukiwa kitini, panda ngazi: 1536 kwa 864. Jumla ya upana iwe 2000, jumla ya wima 900, kasi megahezi 129.47. Masafa ya wima yanabaki 71.93, ya mlalo yanafika kilohezi 64.7, na giza ni mikrosekunde 3.6. Kwa inchi 8 huu ndio mpangilio ambao mimi ningebaki nao, ila usiuruke ule wa kwanza. Ule wa 720 unakuambia kama mashine ni nzima kabla hujaanza kuisukuma.

Kabla ya kugusa namba hizi, unganisha monita ya kawaida kwenye tundu jingine la kompyuta ili uone unachofanya projekta ikikataa ishara. CRU huja na kifaili cha reset-all kinachorudisha kila kitu. Jua kilipo mapema, si wakati skrini zote zimekuwa nyeusi. Na kamwe usitume masafa yanayozidi kikomo cha kitabu kwa kusema ngoja nijaribu. Mashine nyingi hujilinda kwa kuzima picha, lakini sakiti ya mlalo iliyozeeka si mahali pa kupima bahati.

Kuna usumbufu mwingine utakaokutana nao. Projekta hizi haziijulishi kompyuta ni nani. Skrini za leo hutuma EDID, orodha fupi ya mipangilio inayokubalika, na draiva huisoma kwanza. Projekta yako iko kimya. Adapta hujibu kwa niaba yake, na kwa kawaida inatangaza 1080p kana kwamba imeunganishwa na runinga, ndiyo sababu ulijikuta hapo ulipo. CRU inabadilisha orodha hiyo ndani ya Windows. Futa mipangilio mingine yote, uache yako peke yake, ili mchezo au programu isije ikabadilisha masafa usiku wa manane.

Sababu ya kushikilia mpangilio mmoja si uvivu. Projekta hutambua ishara kwa masafa yake, na kwa kila masafa inatunza kumbukumbu yake ya jiometri na konvajensi, yaani kazi ya kuziweka picha tatu za rangi zikalaliane pande zote za skrini. Kazi hiyo ukiifanya vizuri ni ya saa kadhaa. Ukiwa na mipangilio mitano una kazi mara tano. Ndiyo maana tunaiachia kompyuta ikuze au ipunguze kila kitu, DVD, faili za 1080p, hata 4K, kuelekea mpangilio mmoja uliousafisha. Kinachostahili nafasi ya pili ni video za fremu 25, kama nyingi za runinga za nchi zilizotumia mfumo wa PAL. 72 haigawanyiki kwa 25. Chukua namba zile zile za 720, panda hadi megahezi 93.6, upate hezi 75. Nakili kumbukumbu ya kwanza kwenye ya pili, utakuta kuna kurekebisha kidogo tu.

Sasa adapta na kadi. Kadi za zamani zenye ishara ya analogi, ile ya VGA, ndani yake ni nzuri, lakini zinazidi kuzeeka. AMD waliiondoa kwenye Radeon R9 290 mwaka 2013. Kwa NVIDIA, GTX 980 Ti ya mwaka 2015 bado ilikuwa na DVI-I, tundu linalobeba na analogi, na GTX 1080 ya mwaka 2016 haikuwa nayo tena. Intel waliacha VGA ya ndani tangu kizazi cha prosesa za Skylake, mwaka 2015. Kununua kadi ya umri huo kwa ajili ya megahezi 90 au 130 hakuna maana, kwa kuwa adapta ya kawaida inazimudu. Unachotakiwa kuangalia ni umeme wake. Tundu la HDMI linalazimika kutoa miliampia 55 tu kwa volti 5, na adapta nyingi zinataka zaidi. Ikikosa, picha inafifia au usawazishaji unayumba ikishapata joto. Chukua yenye kijitundu cha USB cha kuiongezea umeme, na ukitumie.

Kebo ndefu ya analogi ni adui mwingine wa herufi. Ikiwa kompyuta iko mbali, refusha HDMI, siyo VGA. Iweke adapta karibu na projekta, na kipande cha analogi kiwe kifupi, cha koaksi ya ohm 75, nyaya zote tano urefu mmoja. Ukiona kivuli hafifu upande wa kulia wa kila ukingo mkali, ishara inagonga mahali na kurudi: angalia kama swichi ya ohm 75 kwenye paneli ya projekta imewashwa, au kama kuna kiungio kilicholegea. Mistari mipana ya giza inayopanda polepole ni tofauti ya ardhi kati ya vifaa. Chomeka kompyuta, projekta na amplifaya kwenye soketi moja. Wapo watakaokushauri ukate pini ya ardhi ya plagi. Wasikilize kwa adabu, usifanye.

Utajuaje ukungu unatoka kwenye ishara na si kwenye fokasi? Onyesha picha ya mistari ya wima, pikseli moja nyeupe, moja nyeusi, halafu ya mlalo ya namna hiyo hiyo. Mistari ya mlalo ikionekana na ya wima ikayeyuka kuwa kijivu, ishara haifiki nzima: adapta, kebo, au vikuza ishara vya ndani ya projekta. Kwa 1080p ya hezi 60 picha hiyo ni megahezi 74 hivi, kwa mpangilio wa 720 niliokupa ni 45, kwa hiyo utaona tofauti mara moja. Zote mbili zikiwa na ukungu, hiyo ni fokasi, au lenzi ina vumbi, au kontrasti imepandishwa mno.

Hilo la kontrasti halipewi uzito unaostahili. Kadiri mwali unavyopewa nguvu, ndivyo nukta inavyonenepa. Projekta ya CRT hutoa lumeni 200 hadi 300 hivi za kweli, si zaidi sana, na mtu aliyezoea projekta za kisasa akiona giza hukimbilia kuongeza. Anapata mwanga kidogo, anapoteza ukali, na anazila tyubu. Chumba kiwe cheusi kweli, skrini iwe ya upana wa mita 2 au zaidi kidogo, na isiwe ile ya kung'arisha sana, maana lenzi tatu zinapiga kutoka pembe tofauti na skrini za namna hiyo zitakuonyesha wekundu upande mmoja na ubuluu upande mwingine.

Weusi ndio utajiri wa mashine hii, na kompyuta inaweza kuuharibu kimyakimya. Adapta ikijitambulisha kama runinga, draiva hutuma rangi zilizobanwa kati ya 16 na 235 badala ya 0 hadi 255. Nyeusi inageuka kijivu, wewe unashusha mwangaza kwenye projekta, na sehemu za giza zinapoteza umbo. Ingia kwenye draiva, chagua rangi kamili za 0 hadi 255, kisha ndipo upange mwangaza wa projekta: nyeusi kamili isionekane, ngazi ya kwanza juu yake ianze kuonekana kwa shida.

Kwa kuchezea filamu napendelea programu ya mpv, kwa sababu inakubali kuamriwa kwa maandishi na haina mapambo. Weka video-sync=display-resample. Hapo mpv inaifuata saa ya kadi ya picha na kuinyoosha sauti kidogo mno ili ilingane, na kila fremu inapata zamu zake tatu bila kuruka. Sharti lake ni sauti itolewe ikiwa imeshafunguliwa na kompyuta yenyewe. Ukituma sauti ya Dolby au DTS ikiwa bado imefungwa kwenda kwenye amplifaya, kunyoosha hakuwezekani. Filamu za HDR, zile za mwanga mpana, mpv inazishusha yenyewe kuwa za mwanga wa kawaida, na kwa kompyuta mpya yenye kadi ya wastani kazi hiyo si nzito. Kwenye Windows wengi wanasifia madVR, programu nyingine ya kuonyesha filamu, na wana haki, ila mipangilio yake ni msitu.

Filamu za huduma za intaneti ni habari nyingine. Nyingi zinataka HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili, hadi mwisho wa waya, na analogi haina. Utapata picha ya ubora wa chini au hutapata kitu. Jenga mfumo huu kwa ajili ya faili na diski zako.

Kompyuta nayo ina hatari yake kwa tyubu, nayo ni vitu visivyosogea. Mstari wa chini wa Windows, aikoni, saa, nembo kwenye kona: vyote vinachora mahali pale pale na kuila fosfa, baada ya muda unaviona hata kwenye picha nyingine. Ficha mstari wa chini, ondoa aikoni, weka mandhari nyeusi tupu, na skrini izimwe baada ya dakika chache bila kuguswa. Kwenye mpv zima vidhibiti vya chini, na maandishi ya tafsiri yape rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Kazi za ofisi na kuperuzi intaneti zifanye kwenye monita ile nyingine, halafu filamu ikianza uizime monita hiyo.

Ukishapata ishara safi ndipo uje kwenye projekta yenyewe. Iache iwake nusu saa kwanza, kwani konvajensi inasogea mashine ikipata joto. Eneo linalochorwa liweke katikati ya uso wa tyubu, likubwa kadiri inavyowezekana bila kugusa kingo za fosfa. Picha ikiwa haiko katikati ya eneo hilo, isogeze kwa kirekebishi cha fezi, siyo kwa kulihamisha eneo zima. Watu wengi huhamisha eneo ili picha ifike kwenye skrini, na tyubu inachoka upande mmoja. Skrini ikiwa haijafikiwa, sogeza mashine. Lenzi hazina zumu, kwa hiyo umbali uliotajwa kwenye kitabu ni amri.

Na tyubu zako, zimechoka? Zima mashine, chomoa umeme, subiri ipoe, kisha mulika tochi kupitia kila lenzi na uangalie uso wa fosfa. Tyubu nzima ina rangi moja sawasawa. Iliyochakaa ina mstatili ulioiva kuelekea kahawia, na ukingo wake unaonekana, mara nyingi wa umbo la 4 kwa 3 kama ilikuwa kwenye ukumbi wa mikutano. Mstatili hafifu wenye kingo laini unaweza kuishi nao miaka. Ukiwa mzito, hasa kwenye buluu, utaona madoa ya njano kwenye picha nyeupe na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoyaondoa. Hapo ni kubadilisha tyubu, na ndani ya boksi hilo kuna volti zaidi ya 30,000 zinazoweza kubaki hata umeme ukichomolewa, kwa hiyo mfuniko mwachie afungue fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo.